Nyumba Ipo Lushoto, Wewe Upo Dar: Namna ya Kuiona Kamera na Mvua Bila Kufungua Poti ya Ruta

Ukiwa nyumbani Lushoto kila kitu kinakubali. Unafungua simu, geti linaonekana. Unafungua ukurasa wa hali ya hewa, joto nyuzi 18, unyevu asilimia 84. Ukishashuka Mombo na simu ikahamia kwenye bando lake, picha inagoma na namba zinaganda. Wengi hapo huilaumu kamera, na wengine huirudisha dukani. Kamera haina kosa. Tatizo lipo kwenye anwani, na ukishalielewa hilo mengine yote yanapangika.

Kila kifaa kilichoungwa kwenye ruta hupewa anwani ya ndani, kwa mfano 192.168.1.21. Hiyo ni sawa na namba ya chumba katika gesti. Kumwambia mtu aliye Dar es Salaam "nipo chumba namba 7" hakumsaidii, maana kila gesti ina chumba namba 7. Anayetakiwa kuwa na anwani ya kufikika kutoka nje ni ruta, na zamani mambo yalikuwa hivyo. Lakini anwani za IPv4, yaani zile za namba nne zilizozoeleka, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa tarehe 3 Februari 2011. Kampuni za simu zikaanza kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na Aprili 2012 likatengwa fungu la kazi hiyo: kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Ruta yako ya 4G yenye laini ya kawaida karibu kila mara imo humo, au imo katika mafungu mengine ya ndani.

Kujua uko wapi ni kazi ya dakika mbili. Ingia ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya hali ya mtandao, soma anwani iliyoandikwa WAN. Kisha, kwa simu iliyoungwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikilingana, una anwani yako mwenyewe, ingawa inaweza kubadilika ruta ikizimika na kuwaka. Zikitofautiana, na hasa ile ya ruta ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au kati ya 172.16 na 172.31, basi uko nyuma ya lango la kampuni. Hapo maelekezo yote ya "fungua poti kwenye ruta", yaani kuacha mlango wazi ili aliye nje aingie, hayatakusaidia. Utakuwa umefungua mlango wa chumba, na geti la gesti lina mlinzi asiyekujua. Huduma za kukupa jina la kudumu kwa anwani inayobadilika nazo hazisaidii, kwa kuwa jina litaelekeza kwenye anwani ya watu wengi.

Mbona basi programu ya simu iliyokuja na kamera inaonyesha picha popote ulipo? Kwa sababu kamera yenyewe ndiyo inayopiga simu nje. Aliye ndani akianzisha mazungumzo, lango huruhusu na majibu yarudi. Aliye nje akianzisha, lango halijui ampeleke kwa nani. Kamera inaunganika na seva ya mtengenezaji, nawe unaunganika hukohuko, seva inawakutanisha. Siri yote ya kufikia nyumba kwa mbali ni hiyo: nyumba itoke ikakutane nawe mahali, usijaribu kuingia. Kinachobaki kuamuliwa ni nani anamiliki mahali pa kukutania.

Kuacha mahali hapo mikononi mwa mtengenezaji ni rahisi, na kwa kamera moja ya uani huenda inatosha. Ila picha za nyumba yako zinategemea seva usiyoijua, akaunti ikidukuliwa mtu anaona anachokiona mwenye nyumba, na mtengenezaji akifunga huduma kamera inabaki pambo. Vihisi vya hali ya hewa ulivyounda mwenyewe navyo havina mtengenezaji wa kuvisaidia.

Kufungua poti, hata kwa mwenye anwani yake ya nje, ni jambo tunalolipinga moja kwa moja. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani zaidi ya 60 kwenye kamera na ruta zilizoachwa wazi. Haikuhitaji ujanja zaidi ya huo. Vifaa vilivyotekwa vilitumika tarehe 21 Oktoba 2016 kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikigeuza majina ya tovuti kuwa anwani, na tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua kitu. Picha zao ziliendelea kuonekana. Kwa hiyo, kabla ya lolote, badilisha nenosiri la kila kamera, kisha uzime UPnP kwenye ruta, maana hiyo huiruhusu kamera ifungue poti yenyewe bila kukuuliza.

Handaki lako mwenyewe

Njia tunayoishauri inahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni kompyuta ndogo inayokaa nyumbani saa zote, mfano Raspberry Pi (kuanzia hapa tutaiita Pi), iliyoungwa kwenye ruta kwa waya. Cha pili ni seva ya kukodi yenye anwani ya nje. Ndogo kabisa yatosha, yenye kumbukumbu ya MB 512, na hugharimu kama dola 5 kwa mwezi. Chagua iliyo karibu: data ya picha itapita huko kabla ya kukufikia, na seva ya Ulaya huongeza ucheleweshaji unaohisika unapogeuza kamera yenye mota.

Katikati yake unaweka WireGuard, programu ya VPN, yaani handaki la siri ndani ya intaneti, iliyoingizwa ndani ya Linux 5.6 mwaka 2020. Kila upande una funguo mbili, ya siri na ya hadharani. Unabadilishana zile za hadharani tu. Faili la upande wa nyumbani linakuwa fupi hivi:

[Interface]
Address = 10.8.0.2/24
PrivateKey = (ufunguo wa siri wa nyumbani)
MTU = 1280

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa hadharani wa seva)
Endpoint = (IP ya seva):51820
AllowedIPs = 10.8.0.0/24
PersistentKeepalive = 25

Mstari wa mwisho ndio uhai wa handaki. Lango la kampuni ya simu huyasahau mazungumzo yaliyonyamaza kitambo. Kwa 25, nyumba hutuma kipaketi kidogo kila sekunde 25 ili njia ya kurudi ibaki wazi. Pamoja na kusalimiana upya kwa kila dakika mbili, gharama yake haifiki MB 1 kwa siku. Ukiusahau mstari huo, handaki litafanya kazi vizuri unapolijaribu, halafu baada ya muda wa ukimya utalikuta limekufa, nawe hutaweza kuliamsha kutoka nje.

Kwenye seva, sehemu ya nyumba iandikwe AllowedIPs = 10.8.0.2/32, 192.168.47.0/24, maana yake: atakayeulizia mtandao wa nyumbani, mpitishe huku. Kwenye simu yako weka 10.8.0.0/24 na 192.168.47.0/24, ili vitu vya nyumbani tu vipite kwenye handaki na mengine yaende njia yake ya kawaida.

Kwa nini 192.168.47 na si 192.168.1? Kwa sababu ofisi, hoteli na nyumba za jamaa nyingi zinatumia 192.168.1 au 192.168.0. Ukiwa umekaa kwenye Wi-Fi ya namna hiyo ukaiulizia 192.168.1.21, simu itaitafuta palepale ulipo, huenda ikaikuta printa. Badilisha mtandao wa nyumbani uwe na namba isiyo ya kawaida siku ya kwanza, kabla hujapanga kamera, kisha uipe kila kamera anwani isiyobadilika kupitia orodha ya DHCP ya ruta, ile inayogawa anwani.

Linalowasumbua watu zaidi kwenye kazi hii yote ni hili: handaki limesimama, Pi inaitika kwa 10.8.0.2, kamera haiitiki. Mambo mawili yanahusika. Kwanza, seva na Pi zote lazima ziruhusiwe kupitisha data isiyo yao, yaani net.ipv4.ip_forward = 1. Pili, kamera inapopokea ombi kutoka 10.8.0.3, yaani simu yako, hulipeleka jibu kwa ruta, nayo ruta haijui 10.8.0 ni nani, basi inalitupa. Ombi lilifika, jibu ndilo lililopotea. Dawa ni kuiandikia ruta njia ya kudumu kwamba 10.8.0.0/24 ipitie anwani ya Pi. Kama ruta yako ya 4G haina sehemu hiyo, na nyingi hazina, iambie Pi ijitambulishe kama muulizaji kwa kanuni ya masquerade, hapo kamera itaijibu Pi iliyo jirani yake. Ukikutana na ukurasa unaofunguka nusu au picha inayoanza kisha kuganda, tatizo huwa ukubwa wa vipaketi, na ndiyo sababu ya ile MTU 1280 hapo juu.

Asiyetaka kutunza seva anaweza kutumia Tailscale, ambayo ndani yake ni WireGuard hiyohiyo, na ina daraja la bure kwa matumizi binafsi. Inatafuta yenyewe njia ya moja kwa moja kati ya simu na Pi, ikishindwa inapitia seva zake za kati. Kwenye Pi unaandika tailscale up --advertise-routes=192.168.47.0/24, kisha unaingia ukurasa wa usimamizi kuikubali njia hiyo. Hatua hii ya kukubali watu huiruka, wakashangaa Pi inaonekana na kamera hazionekani. Usichanganyikiwe pia ukiona vifaa vyako vimepewa anwani zinazoanza na 100: Tailscale inatumia fungu lilelile la kampuni za simu.

Kwa walio Tanzania, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN wawasilishe taarifa zao. Handaki la kwenda nyumbani kwako nalo ni VPN, hivyo fuata utaratibu uliopo kabla ya kuliwasha. Msomaji wa nchi za Ghuba naye aulizie sheria ya huko aliko.

Picha hula bando, mvua haili

Kamera iliyopangwa kwa megabiti 2 kwa sekunde hutoa GB 0.9 kwa saa, sawa na GB 21.6 kwa siku. Tatu ni karibu GB 65. Hakuna bando la kawaida la kubeba hayo, na wala haihitajiki. Rekodi zibaki nyumbani kwenye diski: TB 1 huzihifadhi kamera hizo tatu kwa siku kama 15. Kupitia handaki unavuta ule mkondo mdogo ambao kamera nyingi hutoa sambamba na mkubwa. Ukiupanga kwa 640 kwa 360 na kilobiti 256 kwa sekunde, saa nzima ya kuangalia ni MB 115 tu. Kwa kamera za Hikvision anwani yake huwa hivi: rtsp://jina:nenosiri@192.168.47.21:554/Streaming/Channels/102, ambapo 1 ni kamera na 02 ni mkondo mdogo.

Katika namna ya kubana picha, mkondo mkubwa weka H.265 ili diski ipumue, mdogo weka H.264 kwa kuwa unafunguka karibu kila mahali. Halafu angalia kila baada ya muda gani kamera inatuma fremu nzima. Nyingine zote hubeba mabadiliko tu. Ikiwa ni kila sekunde 10, ukifungua picha unaweza kukaa na kioo cheusi sekunde 10 ukidhani mtandao umekufa. Weka 2. Kwa anayetaka kujua tu kama geti limefungwa, picha moja ya KB 60 kila dakika 10 inagharimu chini ya MB 9 kwa siku.

Usiku, wadudu na buibui huizunguka kamera, na utando mmoja mbele ya lenzi hung'aa kama pazia kwa taa za infraredi na kuzusha taarifa za "mtu ameonekana" hadi alfajiri. Mwambie aliye nyumbani apitishe kitambaa kikavu kila wiki. Na kamera ielekee geti lako, si uani kwa jirani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na msaidizi wa nyumbani ana haki ya kuambiwa inapoangalia.

Vihisi ni habari nyingine kabisa. Kipimo kimoja cha joto, unyevu, mgandamizo wa hewa na mvua ni chini ya baiti 200. Kila dakika tano ni vipimo 288 kwa siku, kama KB 58. Thamani yake haipo katika kuangalia sasa hivi, ipo katika mfululizo usiokatika, kwa hiyo vihifadhiwe kwenye Pi nyumbani, na wewe uvisome kupitia handaki. Bando likiisha siku nne, Pi inaendelea kuandika, na ukirudi unaikuta masika yote imo. Anayetuma vipimo moja kwa moja kwenye wingu la nje anapoteza siku hizo nne, na mara nyingi ndizo zenye mvua kubwa, maana minara nayo huzimika.

Mtambo wa bei nafuu ni ESP32, kibao kidogo chenye Wi-Fi, na kihisi cha BME280 cha joto, unyevu na mgandamizo, vikituma kwa MQTT, njia nyepesi ya kutumiana ujumbe, kwenda Mosquitto, programu ya kuupokea iliyo kwenye Pi. ESP32 ya kawaida inakamata Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake. Ruta ikiwa imeunganisha 2.4 na 5 kwa jina moja na ikagoma, zitenganishe. Mosquitto tangu toleo la 2.0 husikiliza ndani ya kompyuta yake tu mpaka uandike listener 1883 (namba ya poti yake), na hapohapo uongeze allow_anonymous false na faili la manenosiri. Poti hiyo haiendi intaneti, handaki linatosha.

BME280 huwa kwenye anwani 0x76 au 0x77. Joto na mgandamizo vikisomeka lakini unyevu ukabaki sifuri au usionekane, yaelekea umeuziwa BMP280, ndugu yake asiyepima unyevu. Soma namba ya chipu: 0x60 ni BME, 0x58 ni BMP. Na ukiona mgandamizo wa hPa 860 usidhani kimeharibika. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ndivyo ilivyo; zile 1013 za kwenye taarifa ya habari zimerekebishwa hadi usawa wa bahari. Kikae ndani ya sahani nyeupe zilizopangwa zenye kupitisha upepo, mita 1.25 hadi 2 juu ya majani. Ukikipachika ukutani chini ya bati, saa nane mchana utakuwa unapima joto la bati.

Kipima mvua kinastahili umakini kuliko vyote, kwa mkulima wa mboga hasa. Ndani yake mna kijiko cha pande mbili kama pembea: upande mmoja ukijaa unaanguka, mwingine unapokea, na sumaku iliyo katikati inapita mbele ya swichi. Vile vya plastiki vyenye mdomo wa sentimita 11 kwa 5 huhesabu milimita 0.2794 kwa kila kuanguka. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mdomo huo wa sentimita za mraba 55 unahitaji mililita 1.54 kwa kila mwanguko. Usiliamini hilo, lipime. Chukua mililita 154 za maji, yaache yadondoke kwa robo saa au zaidi kupitia chupa iliyotobolewa kwa sindano, halafu hesabu. Ikitoka 100, sawa. Ikitoka 93, kila mwanguko ni milimita 0.3004, sahihisha kwenye programu. Ukiyamimina kwa pupa utapata hesabu pungufu, maana maji hupita kijiko kikiwa bado kinageuka. Mvua ya kishindo nayo hukipunja vivyo hivyo.

Swichi hiyo hutetemeka inapofunga, ESP32 ikasoma miguso mitatu pale palipokuwa na mmoja. Ipuuze miguso ya ndani ya milisekunde 200 za kwanza. Ukiilaza ESP32 kuokoa betri, hakikisha swichi ya mvua ndiyo inayoiamsha, la sivyo mvua ya kati ya dakika tano haitahesabiwa. Kiweke mbali na mti au paa kwa umbali wa mara mbili ya kimo cha mti au paa hilo, na kabla ya masika na vuli kifunguliwe, kioshwe: majani na sisimizi huziba tundu, na kipima kilichoziba kinaripoti ukame huku shamba limejaa maji.

Umeme ukikatika

Kamera tatu ni kama wati 15, ruta 8, Pi 4: jumla 27. Kwa saa nane ni wati-saa 216. Betri ya asidi ya volti 12 isitumiwe zaidi ya nusu, hivyo unahitaji Ah 36. Ya LiFePO4, aina ya lithiamu, yatosha Ah 21 au 22. Fedha ikibana, ruta na Pi zitangulie. Kwa wati 12 utaendelea kuandika mvua hata kamera zikilala.

Umeme unaporudi ndipo mitego hutokea. Pi huamka kwa nusu dakika, modemu ya 4G huchukua dakika moja hadi mbili. Ukiwa umeandika seva kwa jina, WireGuard italiulizia wakati intaneti haijafika, itakata tamaa, na huduma haitaanza. Ndiyo maana tumeandika IP. Pi nyingi hazina betri ya saa, huamka zikiwa nyuma ya wakati, na WireGuard huzikataa salamu zenye muda wa zamani kuliko zilizokwisha pokewa. Iache Pi ichukue saa kutoka intaneti nje ya handaki, na kamera zichukue saa kwa Pi. Kadi ya microSD nayo huharibika umeme ukikatwa katikati ya kuandika. Rekodi na vipimo viende kwenye diski ya SSD.

Jaribio lifanyike ukiwa bado hapohapo nyumbani. Zima swichi kuu na uchomoe betri, subiri dakika moja, vyote viwashe kwa pamoja. Toa simu kwenye Wi-Fi, tumia bando lake, na ngoja dakika tano bila kugusa kitu. Pi isipoitika, angalia saa yake kwanza, kisha Endpoint. Pi ikiitika na kamera ikagoma, rudi kwenye njia ya majibu. Rudia mara tatu kabla hujapanda basi.